Je, Wajua? Hewa Haijui Kama Gari Ni Dogo

Je, wajua kwamba gari la rimoti, la kubebeka mikononi kama mtoto mchanga, limewahi kupimwa likienda kilomita 325.12 kwa saa? Lilikuwa la Mmarekani Nic Case, aliyelipa jina la Radio Control Bullet, na rekodi hiyo ya Guinness ya magari ya rimoti ya betri iliwekwa tarehe 25 Oktoba 2014, huko St. George katika jimbo la Utah. Kwa kasi hiyo gari hukata mita 90 kila sekunde. Uwanja wa mpira, kutoka goli hadi goli, linaumaliza kwa sekunde moja na kitu.

Wajua kinacholibana gari la namna hiyo lisizidi hapo? Wengi watajibu mota. Lakini mota kali zinauzwa, betri kali zinauzwa, na mwenye fedha anaweza kuzifunga kwenye chasisi kwa jioni moja. Hewa haihongeki. Kila anayetafuta kasi kwa gari dogo hufika siku moja mahali ambapo shilingi yake ya mwisho inapaswa kwenda kwenye bodi, lile ganda la juu ambalo mtazamaji hudhani ni pambo tu.

Fanya hesabu nami. Wahandisi hupima urahisi wa umbo kupenya hewani kwa namba moja, ambayo hapa tuiite namba ya ukinzani: ikiwa ndogo, umbo ni zuri. Tofali liko karibu na 1. Sasa chukua gari lenye uso wa mbele wa sentimita 20 kwa 10, ulipeleke mita 90 kwa sekunde usawa wa bahari. Likiwa na umbo la tofali, hewa italisukuma nyuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 10. Kuishinda nguvu hiyo kunadai karibu kilowati 9, yaani injini nzima ya bodaboda ya cc 150 ndani ya kitu cha kubeba kwa mikono. Lipe gari hilohilo bodi iliyochongwa vizuri, yenye namba ya 0.3, na deni linashuka hadi kilowati 2.7. Mota haikuguswa. Umbo peke yake limeokoa kilowati 6.

Ukitaka kasi mara 2, wajua unahitaji nguvu mara ngapi? Mara 8. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi, na nguvu ya kuushinda hukua kwa mchemraba. Ndiyo maana gari linalofika kilomita 160 bila shida huweza kuugua kuzitafuta kilomita 10 za ziada.

Na kilomita 160 zenyewe sasa zinauzwa dukani. Mwaka 2011 kampuni ya Traxxas ya Texas ilitangaza XO-1, gari la rimoti lililonunuliwa likiwa tayari na kufika maili 100 kwa saa. Ili kulifungulia kasi yake yote, mwenye gari alipaswa kutumia programu ya simu. Ni tahadhari ninayoiunga mkono kabisa: gari la kilo kadhaa likikugonga mguuni kwa kasi hiyo huvunja mfupa.

Je, wajua ule usemi kwamba gari la kipimo cha 1 kwa 10 likienda kilomita 300, basi "kwa kipimo" linakwenda 3,000? Unapendwa sana, na naomba tuuache. Gari limepunguzwa, lakini hewa iliyo mbele yake haikupunguzwa. Ni hewa ileile inayolipiga basi la Arusha, yenye uzito uleule na unato uleule. Osborne Reynolds, mhandisi mzaliwa wa Belfast aliyefundisha Manchester, alilionyesha jambo hili mwaka 1883 kwa kupitisha mstari wa rangi ndani ya maji yaliyokuwa yakipita katika bomba la kioo. Mstari ulinyooka kwanza, kisha ghafla ukavurugika, na kilichoamua wakati wa kuvurugika ni kasi na ukubwa wa bomba, vikilinganishwa na unato wa maji. Kwa hewa sheria ni hiyohiyo. Modeli ya 1 kwa 10 inapaswa kwenda mara 10 ya kasi ya gari kubwa ndipo hewa iikumbatie kwa namna ileile.

Matokeo yake huwashangaza wanaoanza. Bodi iliyonakiliwa milimita kwa milimita kutoka gari maarufu la mashindano inaweza kuwa mbaya ikiwa ndogo. Hewa inayopita juu ya kitu kidogo hukata tamaa mapema: badala ya kuufuata mgongo wa bodi hadi mkiani, hubanduka katikati ya njia na kuacha nyuma yake vurugu linalolivuta gari. Ndiyo maana wanaopima modeli katika handaki la upepo, yaani njia iliyofungwa ambamo hewa hupulizwa kuipita modeli iliyosimama, hubandika utepe mwembamba wenye chenga karibu na pua. Chenga hizo huichangamsha hewa iliyo jirani na bodi, ikapata nguvu ya kuendelea kushika.

Wajua kwamba mkia una kazi kubwa kuliko pua? Mtu akichora gari la kasi huanza na pua kali kama sindano. Mtazame jodari. Pua yake si sindano, mwili wake hunenepa kabla ya katikati, kisha hupungua taratibu, taratibu, hadi kwenye mkia. Kuifungua hewa ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni kuifunga tena bila kuacha shimo nyuma, kwa sababu shimo hilo ndilo linalonyonya gari kwenda kinyume.

Waya mwembamba wa duara una ukinzani sawa na mhimili wenye umbo la tone ulio mnene mara 10 hivi kuliko huo waya. Irudie sentensi hiyo polepole, kisha ikumbuke ile antena ndefu iliyosimama juu ya magari ya rimoti ya zamani. Waya wa urefu wa sentimita 30 na unene wa milimita 2, ukisimamishwa juu ya gari letu la namba 0.3, unaongeza ukinzani wa gari zima kwa zaidi ya asilimia 10. Mawimbi ya gigahezi 2.4 yalipochukua nafasi ya yale ya megahezi 27, antena ikafupika na kuingia ndani ya bodi. Wapenda kasi walipewa zawadi ambayo wengi hawakuihesabu.

Je, wajua mkia unaweza kukatwa na gari lisijue? Umbo kamili la tone lingelifanya gari kuwa refu kama mtumbwi. Katika miaka ya 1930 Mjerumani Wunibald Kamm, aliyekuwa na taasisi yake ya utafiti mjini Stuttgart, alikuwa miongoni mwa walioonyesha kwamba ukiuteremsha mgongo wa gari kwa mteremko sahihi kisha ukaukata mkia wima, hasara ni ndogo mno. Hewa huendelea kana kwamba mkia bado upo. Tazama nyuma ya Toyota Prius: ule mkato ni wa ukoo huo.

Mwaka 1921, katika maonyesho ya magari ya Berlin, Edmund Rumpler alileta gari lenye umbo la tone, Tropfenwagen. Watu waliliona kama kioja, na wanunuzi walikuwa wachache. Mwaka 1979 Volkswagen walilitia katika handaki lao la upepo na kupata namba ya 0.28. Magari mengi yanayouzwa leo hayajafika hapo.

Hata la Rumpler halikuwa la kwanza kutamani umbo la samaki. Tarehe 29 Aprili 1899, huko Achères karibu na Paris, Mbelgiji Camille Jenatzy aliendesha La Jamais Contente hadi kilomita 105.88 kwa saa, na likawa gari la kwanza la barabarani kuvuka 100. Lilikuwa la umeme! Bodi yake ilikuwa kama torpedo, laini ajabu kwa zama zile. Lakini iliwekwa juu ya chasisi iliyoachwa wazi, magurudumu yote 4 nje, na Jenatzy mwenyewe akiwa amejitokeza kuanzia kiunoni kwenda juu. Sehemu kubwa ya faida ya torpedo ilipotelea hapo. Kosa hilohilo hufanywa hadi leo na kila anayeweka bodi nzuri juu ya gari la rimoti na kuacha tairi zichungulie nje.

Kwa magari makubwa, magurudumu na nafasi zake huchangia takriban robo ya ukinzani wote.

Na tairi zenyewe, je, wajua zinateseka kiasi gani? Gurudumu la kipenyo cha sentimita 10 likipeleka gari mita 90 kwa sekunde huzunguka zaidi ya mara 17,000 kwa dakika. Kila gramu 1 ya mpira pale ukingoni huvutwa kwenda nje kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 16. Mpira wa kawaida huvimba, huchongoka kama ukingo wa sahani, kisha hupasuka. Kwa hiyo wakimbizaji wengi hutumia tairi za sponji ngumu zilizogundishwa kwenye rimu na kusagwa hadi zikawa duara kamili, au tairi za mpira zenye mkanda wa nyuzi ndani. Mwenye kuchonga bodi anapaswa kulijua hilo mapema, maana tairi ikivimba milimita 3 na bodi imeachiwa nafasi ya milimita 2, bodi inasagwa kutoka ndani.

Sasa nifike kwenye jambo linaloua magari mengi kuliko yote: kupaa. Gari la kilo 3, lenye upana wa sentimita 20 na urefu wa sentimita 40, linahitaji tofauti ndogo tu ya mgandamizo wa hewa kati ya chini na juu yake ili liachane na ardhi. Ndogo kiasi gani? Chini ya nusu ya asilimia 1 ya mgandamizo wa kawaida wa hewa inayotuzunguka. Kwa mita 90 kwa sekunde, upepo unaolipiga unaweza kutoa zaidi ya mara 10 ya hiyo. Pua ikiinuka kidogo kwa sababu ya kokoto, hewa inaingia chini. Ikiingia, inaiinua zaidi. Na kuanzia hapo vidole vya mwendeshaji kwenye rimoti havina la kufanya. Gari huruka, hupinduka nyuma, na kinachookotwa ni vipande.

Magari makubwa na boti vimelipa kwa uchungu zaidi. Tarehe 4 Januari 1967, kwenye ziwa Coniston nchini Uingereza, boti ya Donald Campbell, Bluebird K7, iliinua pua ikiwa na kasi ya karibu kilomita 480 kwa saa, ikapinduka, naye akafa. Katika mashindano ya Le Mans ya mwaka 1999, magari ya Mercedes CLR yalipaa mara 3: mara 2 yakiwa na Mark Webber kabla ya mashindano yenyewe, na mara 1 yakiwa na Peter Dumbreck katikati ya mashindano. Wote wawili walitoka hai, nalo gari lililobaki likaondolewa.

Kwa hiyo gari la kasi huinamishwa. Pua hukaa chini kuliko mkia kwa milimita chache, mdomo wa mbele hukaribia kugusa lami, na hewa ya chini hupewa njia pana ya kutokea nyuma.

Wajua kwa nini wengine hutoboa bodi zao sehemu ya nyuma? Bodi iliyofungwa vibaya mbele hukusanya hewa ndani kama mwavuli uliopigwa na kaskazi. Mashimo ya nyuma huitoa. Ni dawa, lakini kinga ni bora: mbele pazibwe kabisa kwa mkanda na sponji, hewa isipate hata ufa wa kuingilia.

Mashimo ya kupozea mota nayo huzibwa. Mbio nzima huisha kwa sekunde chache, na chuma na shaba ya mota vinaweza kuhifadhi joto la sekunde hizo mpaka gari lisimame. Gari la kuzunguka uwanjani dakika 5 likifanyiwa hivyo litaungua.

Je, wajua bodi nyingi za rimoti hupakwa rangi kwa ndani? Hutengenezwa kwa polikaboneti angavu, plastiki iliyovumbuliwa mwaka 1953 katika kampuni 2 tofauti, Bayer ya Ujerumani na General Electric ya Marekani, bila moja kuiiga nyingine. Karatasi yake, kwa kawaida unene wa milimita 1 au chini yake, hupashwa joto hadi ikalegea, kisha hufyonzwa na pampu ya hewa juu ya kinyago cha umbo linalotakiwa. Rangi ikikaa ndani, uso wa nje hubaki laini kama kioo na mikwaruzo haiigusi. Mpakaji hulazimika kufikiri kinyume: kinachopaswa kuonekana juu ya vyote ndicho kinachopakwa kwanza.

Polikaboneti ina kasoro moja kwa wenye haraka: hupinda. Kwa mita 90 kwa sekunde hewa huweza kuibonyeza boneti kwa nguvu ya karibu kilo 500 kwa kila mita 1 ya mraba. Kipande cha ukubwa wa kiganja, tuseme sentimita 10 kwa 10, hubeba kilo 5. Ukilichonga umbo zuri mezani, barabarani unaweza kuwa na umbo jingine kabisa. Hapo ndipo nyuzi za kaboni na nyuzi za kioo huingia, au angalau mbavu za sponji ngumu chini ya boneti na paa.

Je, wajua kwamba modeli ndogo iliyolegea ndiyo iliyobadilisha Formula 1? Katikati ya miaka ya 1970, Peter Wright na wenzake wa Lotus walikuwa wakipima modeli katika handaki la upepo la Imperial College, London. Vipimo vilianza kuyumba bila sababu. Walipoangalia kwa makini wakaona visanduku vya ubavuni vya modeli vimelegea na vinanyonywa kuelekea sakafuni, na kadiri vilivyokaribia sakafu ndivyo gari lilivyokandamizwa zaidi. Wakaziba ule mwanya kwa kadibodi, na nguvu ya kukandamiza ikapanda kwa kiasi ambacho hawakukitarajia. Hapo likazaliwa Lotus 78 la mwaka 1977, na baada yake Lotus 79, ambalo Mario Andretti alitwaa nalo ubingwa wa dunia mwaka 1978. Nikiifikiria kadibodi ile, naona haya kwa kila mara niliyosikia mtu akisema modeli ni za watoto.

Hadi leo timu za Formula 1 haziruhusiwi kupima katika handaki la upepo modeli inayozidi asilimia 60 ya gari halisi, wala upepo unaozidi mita 50 kwa sekunde. Gari la Nic Case lilikwenda kasi kuliko upepo huo.

Bawa kubwa la nyuma? Kwa mbio za kunyooka ni mzigo. Linakandamiza, ndiyo, lakini kila nguvu ya kukandamiza inalipiwa kwa ukinzani, na gari lisilokata kona halihitaji kukandamizwa zaidi ya kubaki chini. Wanachohitaji wakimbizaji ni mapezi ya wima mkiani. Mfua mishale anajua sababu: uzito uwe mbele, manyoya yawe nyuma, na mshale utajinyoosha wenyewe. Kwenye gari, betri husogezwa mbele na mapezi huwekwa nyuma, kwa sababu mwanadamu huchukua takriban robo ya sekunde kuitikia anachokiona, na katika robo hiyo gari limeshapita mita 22. Usukani wa kwanza ni bodi yenyewe.

Je, wajua gari lilelile la betri litakimbia zaidi Nairobi kuliko Mombasa? Kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya usawa wa bahari, na ukinzani hupungua kwa kiasi hichohicho. Mota ya umeme haivuti pumzi, hivyo haipotezi kitu. Gari dogo la injini ya mafuta halifaidiki hivyo, kwa kuwa nayo inakosa hewa ya kuchomea.

Rekodi ya kasi ya ardhini ya magari makubwa huhesabiwa kwa mbio 2, kwenda na kurudi, ndani ya saa 1, kisha hupigwa wastani. Upepo uliokusaidia kwenda hukudai unaporudi. Mwenye gari dogo asipofanya hivyo, sehemu ya rekodi yake ni ya upepo.

Kabla redio hazijaingia kwenye magari madogo, mafundi wa California katika miaka ya 1930 waliyafunga kwa waya kwenye nguzo yakazunguka. Mchezo huo ungalipo, na magari yake ya injini za cc 10 yamevuka kilomita 300 kwa saa, bodi zikiwa kama nusu ya yai refu lililolazwa.

Na je, wajua kipimo cha bei rahisi kuliko vyote? Handaki la kwanza la upepo lilitengenezwa na Mwingereza Francis Wenham mwaka 1871, na ndugu wawili Wright walitengeneza lao la mbao mwaka 1901 wakapimia mabawa madogo takriban 200. Wewe unaweza kuanza na uzi wa sufi. Kata vipande vya sentimita 3, vigandishe kwa mkanda bodi nzima, weka gari mbele ya feni yenye nguvu au lipitishe barabarani, na simu ikirekodi mwendo wa polepole. Uzi uliolala na kuelekea nyuma unakuambia hewa imeshika. Unaotetemeka, hewa inaanza kuchoka. Na ukiona uzi umegeuka ukaelekea mbele, nyuma ya kioo au pale mkiani, tia alama ya kalamu hapohapo kabla ya kuubandua.